Kazi Ujerumani: Kizingiti ni ulimi wala si nauli

MKATABA wa uhamiaji na ajira uliotiwa sahihi jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024 kati ya Kenya na Ujerumani uliamsha matumaini makubwa miongoni mwa vijana. Hata hivyo, Ujerumani ilikanusha upesi habari kwamba ingewapokea Wakenya 250,000. Mkataba huo hautaji idadi yoyote.

Unachodai mlango wa Ujerumani ni lugha. Muuguzi kutoka ng'ambo kwa kawaida hutakiwa kufikia B2, kiwango cha nne kati ya sita, ndipo aruhusiwe kufanya kazi kikamilifu.

Mtu mzima huielewa sarufi haraka kuliko mtoto. Taabu yake ni sikio na ulimi, ambavyo vimekwisha kuzoea sauti za nyumbani. Naye mgonjwa mkongwe hasemi kama kitabu, na kumwelewa visivyo kwaweza kumdhuru.

Mombasa yenyewe ina mfano. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyewasili 1844 akiwa na umri wa miaka 34, alijifunza Kimvita miongoni mwa wasemaji wake. Kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Krapf alizungukwa na walimu mitaani. Kijana wa Tononoka hana jirani wa kusemezana naye Kijerumani. Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo, yafaa aulize atazungumza kwa saa ngapi, badala ya kuuliza cheti kitatoka lini.