Kabla Hujanunua Spika, Pima Keja

Wasee, leo tuongee ukweli, matusi mtanipea baadaye.

Kila wiki lazima mtu aniulize: "Bro, nichukue KEF LS50 Meta ama nijipange nipate Bowers & Wilkins zile ndefu za kusimama?" Kabla nijibu, washabiki washaanza kurushiana maneno kama ni Gor na Ingwe. Sasa jibu langu litawakera nyote: mnabishana kitu kisicho na maana. Niambie kwanza keja yako ni futi ngapi kwa ngapi.

Najua mbona hamtaniamini. Mwaka jana mimi ndiye nilikuwa nawaambia kinyume. Duka moja mjini lilinilipa nifungue boksi la spika ndefu, zinanifika kiunoni, na nikasema mbele ya kamera kwamba hapo umemaliza, hakuna kingine cha kutafuta. Nilizisikiliza wapi? Hapo hapo dukani, ukumbi mpana, zulia ukuta hadi ukuta. Wiki tatu baadaye kijana mmoja akaniandikia. Ameweka akiba miezi kumi na minne, akaongeza na deni, akanunua zile zile. Anaishi Kayole, ploti ya mawe, chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. "Besi inanguruma kama lori lakini gita sisikii. Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea. Aliyekosea ni mimi, na nilikuwa nishalipwa.

Sasa hesabu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usidhani najifanya lekchara. Hii ni kugawanya tu. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Futi kumi ni kama mita tatu. Wimbi likitoka ukuta huu, ligonge ule, lirudi, limetembea kama mita sita. Gawanya 343 kwa sita: karibu hezi 57. Sauti yoyote iliyo karibu na hapo, chumba chenyewe kinaivimbisha. Haya, shika gita la besi, piga uzi wa A bila kuugandamiza. Ni hezi 55. Umeona balaa?

Weka benga, ambayo besi haikai nyuma, inatembea mbele kabisa. Noti moja inapanda hadi vikombe vinacheza kwa meza, zinazofuata zinamezwa. Na kwa vile chumba ni mraba, urefu na upana vinavimbisha sauti ile ile, kwa hivyo unapigwa mara mbili. Ukikaa katikati ya chumba, ile besi inaisha. Ukiegemea ukuta, inakufunika. Na spika ikiwa kubwa, ikishuka chini zaidi, ndivyo inavyozidi kuchokoza hii shida. Hakuna spika ya laki tano itakayokuhamishia ukuta.

Waliotengeneza spika zenye heshima walilijua hili zamani. Mmarekani Paul Klipsch, miaka ya 1940, alibuni Klipschorn ikae kwa kona. Kuta za nyumba alizifanya sehemu ya spika. BBC, miaka ya 1970, ilibuni LS3/5A, kadude ka sentimita 30 hivi kwenda juu, kwa sababu mafundi wake walihitaji kusikiliza wakiwa wamebanana ndani ya gari la matangazo. Viwambo vya ndani vilitoka KEF, na wazo hilo hilo ndilo lililozaa LS50 mwaka 2012. Hao wote walianza na nafasi ya msikilizaji, ndiyo spika ikafuata. Sisi tunaanza na picha.

Na nyinyi wa sabufa za Luthuli, msicheke, foleni ni yenu sasa. Boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO. Plagi yako ni ya ampea 13, stima ni volti 240. Zidisha: kama wati 3,100, basi. Hizo zingine zinatoka kwa nani, kwa landilodi? Hata zile wati za ukweli, ukitoka 100 hadi 200 umeongeza desibeli tatu pekee. Utasikia kumepanda kidogo tu.

Kuna atakayesema: "Huo ni wivu. Mimi nitahama, nitajenga, na spika nitabaki nazo." Sawa, hiyo hoja ina uzito. Sisemi spika zote ni sawa. Twita nzuri haikukwaruzi sikio, na sauti ya mwimbaji inasimama mbele yako kama mtu. Ukiwa na sebule ya mita tano kwa saba, nunua zile ndefu, nitakuja na soda. Lakini ukiwa bado kwa ploti, unalipia besi ambayo chumba kitaiharibu, jirani ataisikia kukushinda, na keteka atabisha saa tatu usiku.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua spika ndogo nzuri. Zitoe kwa ukuta, zisikae kwa kona. Twita iwe kimo cha sikio lako ukiwa umeketi. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu. Weka zulia zito, pazia nene, na hilo godoro lako tayari linasaidia. Zile trei za mayai ukutani ng'oa, hazizuii besi hata kidogo. Ukienda dukani beba wimbo unaoujua mwanzo hadi mwisho, halafu omba ukajaribu spika nyumbani wikendi moja. Akikataa, uliza duka la pili.

Yule kijana aliuza zake kwa hasara, akapata ndogo za mtumba. Pesa niliyolipwa na duka nilimtumia yeye, haikuziba hata nusu ya hasara. Ile video bado iko, sijaifuta, ila nimeandika juu yake kwamba nilidanganya.

Kwa hivyo ukirudi kuniuliza KEF ama B&W, kuja na futi zako mkononi.