KILIO SI UGONJWA: TUFAHAMU KONJE ZETU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mulio nyumbani,

Mara nyingi wanafika kwenye dispansere watu wasio na homa wala maumivu. Mutu anakaa, anainamisha kichwa, anasema: «Munganga, yomba wangu amekufa kule Kasenga. Uniandikie karatasi ya malaria, siku 3 tu.» Huzuni yake ni ya kweli. Lakini karatasi anayoomba ni ya uongo, na mimi naona inamuharibia yeye mwenyewe kuliko kampuni.

Kwanza tujue sheria. Kodi ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 julai 2016, inatenganisha ugonjwa na mambo ya jamaa. Kwa mambo ya jamaa kuna konje yake, na siku za kazi ni hizi:

— ukioa ao ukiolewa: siku 2;
— bibi yako akizaa: siku 2;
— mutoto wako akioa ao akiolewa: siku 1;
— akifa bwana ao bibi yako, baba, mama, mutoto, baba mukwe ao mama mukwe: siku 4;
— akifa kaka, dada, nkambo, mujukuu ao shemeji: siku 2.

Kampuni inalazimishwa kulipa siku hizi mpaka 15 kwa mwaka.

Mutauliza: na yomba je? Na baba mudogo? Hapo ndipo penye shida. Sheria inahesabu damu kwa ngazi. Wazazi na watoto ni ngazi ya kwanza, ndugu na nkambo ni ya pili. Yomba na baba mudogo wanakuja ngazi ya tatu, nao hawana siku. Kwetu, yomba ndiye mara nyingi aliyekulipia masomo na aliyesimama kwenye ndoa yako, na baba mudogo ni baba. Usipofika kwenye kilio chao, jamaa haitasahau. Ninafahamu. Lakini dawa yake si malaria ya karatasi.

Tuhesabu mushahara. Kwa siku za ugonjwa, sheria inalazimisha kampuni kulipa sehemu 2 kwa 3 za mushahara, pamoja na posho ya jamaa. Konje ya mwaka inalipwa kamili. Basi, pale kampuni inapofuata kipimo cha sheria, aliyelia yomba wake kwa karatasi ya ugonjwa anapoteza sehemu 1 kwa 3 ya kila siku. Aliyekata siku za konje yake ya mwaka hapotezi kitu.

Tuangalie na fishi ya dispansere. Malaria 4 ambazo hukuugua zinabaki zimeandikwa mule. Siku utakapokohoa kweli, munganga atasoma fishi na kupotea njia: atafikiri ni malaria inayorudia, kumbe ni kifua kilichoharibiwa na vumbi la mawe. Ugonjwa wa kawaida ukikuzuia kazi kwa miezi 6 mufululizo, kampuni inaweza kuvunja mapatano ya kazi. Ugonjwa uliotokana na kazi, na aksida ya kazi, haviingii katika kanuni hiyo. Siku ile fishi safi ndiyo ushuhuda wako.

Na ukipata aksida kwenye barabara ya Kasenga, na karatasi inasema umelala kitandani Lubumbashi, bibi na watoto wataeleza nini? Aliyepeleka karatasi ya uongo na aliyeitia sahihi, wote wawili wanaweza kufukuzwa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, yomba akifa, uende kwa shefu wako siku ile ile, uombe siku za konje ya mwaka. Mufanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi muzima, na siku 1 inaongezeka kwa kila miaka 5 ya kazi kwenye kampuni ile ile. Musizimalize zote mara moja. Wamama, mupange hiyo pamoja na bwana zenu.

Pili, mashefu wasikatae kwa haraka. Mutu aliyekesha usiku 2 akilia hafai kuongoza kamyo kubwa katika karieri. Kumupa siku 3 ni usalama wa posti nzima.

Tatu, sheria ni kipimo cha chini, na mapatano ya pamoja ya kazi yanaweza kuongeza. Wajumbe wa sindika wapeleke jina la yomba na la baba mudogo pale wanapozungumza na kampuni. Hata siku 1 ingeondoa uongo mwingi katika fishi zetu.

Ukigonjwa, kuja dispansere bila woga, usingoje posti iishe. Ukifiwa, enda kwa shefu. Pole tutakupa wote.

Musaidizi wa munganga