Jua halichemshi gari, linaliumbua

Mimi si poa sana. Nabonyeza herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa bandeji kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, na mfuko wa shati una karatasi ya deni ambayo kila nikiitazama koo linakauka. Yote hayo yameletwa na gari la anko, joto la Februari na kiherehere changu mwenyewe. Hebu vuta kigoda nikupe kisa, usije nawe ukaumbuka.

Anko wangu anaendesha teksi bubu. Ni kigari cha Kijapani, cc 1,500, rangi ya maziwa, umri wake unamzidi mdogo wangu wa kidato cha pili. Kigari hicho ndicho kinacholisha nyumba ya watu saba, mimi nikiwemo. Tangu nimalize kidato cha nne kazi niliyopata ni hii ya kukuandikia wewe, na mshiko wake anaujua mhariri na Mungu wake.

Sasa anko ana tabia moja ambayo siku zote ilinichekesha. Anatoka alfajiri, ikifika saa tano asubuhi anarudi, anapaki chini ya mwembe, analala. Saa kumi na moja jioni ndiyo anatoka tena. Wenzake wanahangaika na abiria mchana kutwa, yeye anakoroma. Nikasema moyoni, huyu mzee mvivu, gari kama hili lingekuwa mkononi mwangu tungekuwa mbali.

Kuna bibie mmoja, jina nalihifadhi kwa usalama wangu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mtu wa magari. Sikudanganya sana, si naishi nyumba moja na gari? Nikamwahidi kumpeleka Bagamoyo Jumapili kula samaki, kilometa kama 65 hivi kutoka mjini. Jumapili ikafika, anko kalala, nikamwambia naenda kumwoshea gari. Akaguna tu, akageukia ukutani. Nikavaa miwani nyeusi, huyoo, nikaenda kutanua.

Ilikuwa saa nane mchana. Dar ya mwezi wa pili unaijua. Kivulini joto linacheza kwenye digrii 32 au 33, juu yake weka unyevu wa bahari, na ukiwa kwenye lami ni kama umekaliwa na kikaango. Kiyoyozi nimekifungulia mpaka mwisho, muziki juu, bibie anacheka kila ninalosema hata lisilochekesha. Kufika Tegeta, foleni imeganda. Mbele huko lori limekufa katikati ya barabara.

Dakika kumi za kwanza raha mustarehe. Kisha hewa ya kiyoyozi ikaanza kuwa vuguvugu. Foleni ikisogea kidogo nakanyaga mafuta, gari linajivuta kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule. Nikitazama kwenye dashibodi, ule mshale wa joto ambao kawaida unakaa katikati unapanda taratibu kuelekea herufi H. Mimi nikajua H ni "hamna shida".

Mara mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikasogea pembeni, nikazima, nikafungua boneti kwa madaha. Bibie akasema, "Tusubiri lipoe kwanza." Nisubiri? Mtu wa magari mzima? Watu wananitazama? Nikachukua kitambaa, nikashika kifuniko cha rejeta, nikakizungusha. Msomaji wangu, sikufika hata nusu mzunguko. Kifuniko kilifyatuka, maji yakaruka juu kama chemchemi, na mkono wangu ulikuwa njiani.

Nilipiga ukunga ambao mpaka leo nasikia Tegeta wanaufanyia igizo. Mama ntilie mmoja akaja na ndoo, bibie akanishika akawa ananimwagia maji ya kawaida mkononi, kata baada ya kata, dakika kama ishirini. Jamaa mmoja akaleta dawa ya meno anipake. Bibie akamfukuza. Hospitali waliniambia aliniokoa ngozi, kwani vidonda vya moto vinataka maji safi, siyo dawa ya meno wala mafuta ya kula.

Wakati natibiwa, kijana mmoja wa kijiweni akajitolea kusaidia gari. Akalimiminia dumu la maji baridi injini ikiwa bado ya moto. Tulisikia "ka!" Gari lilirudi nyumbani kwa kamba, bibie akarudi kwa daladala.

Jumatatu tukawa gereji ya mtaani kwetu Magomeni. Anko kasimama kimya, mikono nyuma. Fundi, mzee wa makamo ambaye haongei mpaka amalize kufungua, akachomoa kijiti cha oili akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake gasketi ya silinda hedi imeungua, maji na oili vimefunga ndoa. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, imepinda, lazima ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine.

Nikajitetea. "Gari lilikuwa zima, fundi. Jua tu ndilo limeliua."

Fundi akanitazama. "Jua hilo hilo liliwaka kwenye magari yote ya ile foleni. Mangapi yalichemsha?"

Nikanyamaza. Lilikuwa moja tu.

Basi akakaa juu ya tairi akaanza kunipa somo, na mimi nakupa wewe bila malipo. Kwanza, alisema, jua linapunguza nguvu ya gari, hilo ni kweli. Injini inapumua kama wewe. Hewa ikipata joto inatanuka na kuwa nyepesi, kwa hiyo kila pumzi ndani ya silinda inakuwa na oksijeni kidogo. Kutoka digrii 20 za alfajiri ya Julai hadi digrii 35, uzito wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 5. Isitoshe, hewa ya moto inaifanya petroli iwake kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. Magari haya yenye kompyuta yakisikia mgongo huo yanachelewesha cheche ya plagi ili kujilinda, na nguvu inashuka zaidi. Kiyoyozi nacho kinakula nguvu ya injini hiyo hiyo. Ndiyo maana lilikuwa linajivuta.

"Lakini hiyo siyo iliyokuunguza," akaendelea. Injini ya petroli inageuza sehemu ndogo tu ya mafuta kuwa mwendo. Kwa hesabu ya mafundi, karibu theluthi moja inatoka na moshi wa ekzosi na theluthi nyingine inabebwa na maji kwenda kutupwa nje na rejeta. Rejeta inatupa joto kwa sababu maji yake ni ya moto kuliko hewa inayopita. Maji yakiwa digrii 90 na hewa 20, tofauti ni 70. Hewa ikiwa 35, tofauti inabaki 55. Papo hapo rejeta imepoteza moja ya tano ya uwezo wake na wewe hujagusa kitu. Ongeza foleni, ambako hakuna upepo wa mwendo na feni inapambana peke yake. Ongeza kondensa ya kiyoyozi, ambayo iko mbele ya rejeta na inaipulizia joto lake. Waulize madereva wa malori wanaopanda Kitonga, mzigo mkubwa, mwendo wa konokono, upepo hakuna. Watakwambia habari hizo hizo.

"Gari zima lina akiba ya kutosha kwa hayo yote," fundi akasema. "Limetengenezwa likijua kuna foleni na kuna Februari. Jua halichemshi gari. Linaliumbua."

Kisha akaanza kuhesabu siri za kigari cha anko kimoja kimoja, kama mmbea kwenye foleni ya bombani.

Feni moja kati ya mbili za rejeta ilikuwa imekufa. Rejeta yenyewe imeziba kutu na chumvi, kwa sababu miaka yote ilikuwa ikinyweshwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku pwani maji yake yana chumvi, na chumvi na chuma hawajawahi kuwa marafiki. Kulanti haikuwamo hata tone. Watu wanadhani kulanti ni rangi ya kupendezesha maji, kumbe inazuia kutu na inayachelewesha maji kuchemka.

Kifuniko cha rejeta mpira wake umekauka. Kile kifuniko siyo cha kuzuia vumbi, ndugu yangu. Maji ya Dar yanachemka kwenye digrii 100, na ukipanda Iringa yanachemka kwenye digrii kama 95. Kifuniko kizima kinayabana maji kwa presha, yanaweza kufika karibu digrii 120 kabla ya kuchemka. Kikilegea, maji yanachemka mapema. Na ukikifungua kikiwa cha moto, presha inaondoka kwa mpigo, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Au mkononi, kwa wenye bahati kama mimi.

Na themostati haikuwepo kabisa. Fundi fulani wa zamani aliing'oa "ili gari lisichemshe". Mchezo huu umeenea mno Bongo. Themostati ni kimlango kinachofunguka maji yakifika digrii 80 na kitu, yakapita kwenda kwenye rejeta. Ikikwama, dawa ni kuweka nyingine. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli. Kwa baadhi ya injini mambo ni mabaya zaidi, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Umeondoa mlinzi ili usiibiwe.

Julai, fundi akasema, gari hilo lingeenda Bagamoyo na kurudi, na mimi ningeendelea kujiita mtu wa magari.

Hapo ndipo anko alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa najua," akasema. "Ndiyo maana mchana nalipumzisha. Nilikuwa nadunduliza hela ya rejeta, zilibaki kama elfu arobaini hivi."

Msomaji wangu, ule mkono ulioungua haukuniuma kama maneno hayo. Miezi yote nilimcheka mzee kwa uvivu, kumbe alikuwa anatoka na gari gonjwa saa ambazo jua halioni. Alikuwa anafanya kazi na baridi ya alfajiri na giza la usiku ili mimi nipate ugali wa kulalia mchana.

Sasa chukua haya, yakae kichwani. Moja, kila asubuhi gari likiwa baridi angalia maji na oili, dakika mbili tu. Mbili, mtafute fundi akakague feni, kifuniko na themostati kabla ya Desemba, usingoje Februari ikukague. Tatu, mshale ukianza kupanda foleni ikiwa imeganda, zima kiyoyozi, shusha vioo, fungulia hita mpaka mwisho. Najua utaona nimechanganyikiwa, hita Dar? Lakini hita ni kirejeta kidogo, inavuta joto la injini na kulileta kwako. Utatoka jasho, injini itapona. Nne, ukiona mshale unaendelea tu, simama, zima. Hata mita mia za kujikaza zinaweza kupindisha hedi. Tano, usiguse kile kifuniko. Subiri nusu saa au zaidi mpaka rejeta ishikike kwa kiganja, na maji uyatie kidogo kidogo, usifanye kama yule msamaria wangu wa dumu. Na watu wakikutazama, waache watazame. Hakuna atakayekuchangia gasketi.

Bili ya fundi ilikuja laki nne na nusu. Anko ametoa hela yake yote ya rejeta, iliyobaki ni yangu, ndiyo hiyo karatasi ya mfukoni. Hajanifokea hata neno moja, na afadhali angefoka. Malipo ya safu hii yanakwenda gereji moja kwa moja mpaka deni liishe, kwa hiyo ukiniona kila wiki hapa, jua tunalisha rejeta. Wiki hii gari bado liko juu ya mawe na nyumbani tunakula dagaa.

Na bibie je? Juzi kanitumia meseji: "Gari limepona?" Kauliza gari kwanza, mkono hakuugusa. Nimemjibu hamna shida.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.