Msamaria Hakuishia Njiani

Mfano wa Msamaria Mwema twaujua sote, lakini mara nyingi twaukatisha pale anapofunga majeraha. Mwinjili Luka anaendelea: Msamaria alimfikisha mjeruhiwa katika nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akalipa, tena akaahidi kurudi. Huruma yake ilihitaji mikono ya mtu mwingine, na ahadi ile ya kurudi ndiyo iliyoziunganisha kazi za wawili hao.

Tangu vita vilipowaka upya Djugu mwishoni mwa 2017, mji wetu wa Bunia umepokea maelfu ya ndugu waliokimbia makwao, na wengi walipata hifadhi katika kambi ya Kigonze. Msaada haukukosekana kabisa. Ila tumfikirie mama mjane aliyejifungua safarini. Kituo cha afya kinamtibu homa, shule inampokea kifungua mimba wake, shirika linampa unga. Hakuna anayeuliza kama mtoto mchanga ameandikishwa. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, hukumu ya mahakama yahitajika, na mama huyo hana nauli wala wa kumwonyesha njia. Kila mmoja ametenda wema, na mtoto amebaki bila jina mbele ya nchi yake.

Liko jambo zito zaidi. Aliyebakwa hupaswa kufika kwa mganga ndani ya saa 72, apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Akitumwa kwanza polisi, kisha kwa chifu wa mtaa, kisha akaambiwa arudi kesho, saa hizo humwishia akiwa bado anangoja zamu.

Wapo wasemao kwamba hiyo ni kazi ya Serikali na mashirika. Twakubali, wala hatutaki kuwaondolea wajibu wao. Lakini mikutano ya uratibu hukutanisha wenye ofisi; anayetembea kwa miguu baina ya ofisi hizo ni mhitaji, naye yu peke yake. Wajane wa lugha nyingine waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakutosheka na kuwahurumia. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kulisimamia jambo hilo (Mdo 6).

Kwa hiyo twapendekeza kila jumuiya ndogo ichague vijana wawili. Wajue siku na saa za kila ofisi. Wamsindikize mhitaji bila kuuliza kabila lake, wamkabidhi kwa mtu anayejulikana kwa jina, kisha warudi kuuliza amehudumiwaje. Habari zake wasizitoe pasipo ridhaa yake, kwa maana siri ikishatoka hairudi.

Katika mkutano wenu ujao, jiulizeni: ni nani tuliyemwelekeza mahali fulani mwezi huu, nasi hatujui hata leo kama alifika?