Cherehani ishone kwanza!

Jamani, tuseme ukweli. Mama anakopa anunue cherehani. Wiki inayofuata, hajashona hata gauni moja, kikundi kiko mlangoni: leta rejesho! Atalitoa wapi? Anachomoa kwenye mtaji uleule aliokopa, ama anauza mahindi ya watoto. Halafu eti wakimbizi hatujui biashara. Tunakataa!

Huko Kolkata, India, watafiti walilijaribu jambo hili. Wakopaji wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi miwili. Waliongojewa miezi miwili waliweka pesa nyingi zaidi kwenye biashara, na karibu miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, hatufichi. Lakini deni linalolipwa kwa njaa, hilo nalo tuliite mafanikio?

Basi nyinyi mnaokopesha hapa Nakivale, tupeni miezi miwili. Riba tutalipa. Na sisi vijana, kwenye vikundi vyetu wenyewe, tuache kumkaba mwenzetu kabla hajauza. Cherehani ishone kwanza, ndipo mje na daftari.