Njia za Ibaba Zinasubiri Kalamu

Ndugu msomaji, chukua hadithi kumi zilizoandikwa na vijana wenzetu wa Tunduma, Vwawa au Mbeya. Usichague, chukua tu. Nakuhakikishia katika saba utamkuta kijana anashuka kwenye basi Dar es Salaam, begi mkononi, mdomo wazi, anashangaa maghorofa. Na kijiji alikotoka? Kimepewa sentensi moja: "Barabara ilikuwa mbovu." Basi! Yamekwisha!

Mimi nasema huo ni uvivu. Tena ni uvivu wa kujidharau, na ndiyo maana umeniudhi mpaka nikashika kalamu.

Barabara mbovu, mbovu vipi? Mimi ni wa Ibaba, kule juu Ileje kwenye baridi na viazi. Kushuka toka kwetu kwenda Isongole kwa baiskeli si "barabara mbovu" moja, ni barabara nyingi zilizoungana. Kuna mahali pamemwagwa kifusi kipya, changarawe inakimbia chini ya tairi kama mahindi yaliyoanikwa. Kuna udongo mwekundu uliokanyagwa na malori, wakati wa kiangazi mgumu kama sakafu, masika unateleza kama sabuni. Kuna vituta vidogo vilivyojipanga kama bati, vinalegeza spoku moja baada ya nyingine. Na kuna makorongo yaliyochimbwa na maji kwa sababu mfereji wa pembeni uliziba na hakuna aliyeuzibua. Mbeba viazi anajua tofauti ya yote hayo gizani, kwa matako yake. Mwandishi wetu hajui hata mchana.

Sasa sikieni kichekesho. Wenzetu wa mbali wameigeuza barabara ya vumbi kuwa starehe ya gharama! Wanaunda baiskeli maalumu kwa changarawe: usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi pana, breki za diski, gia za kila aina. Marekani, katika jimbo la Kansas, tangu 2006 watu hushindana kwenye vumbi tupu, na mbio yao kubwa ni maili 200, yaani kama km 320. Ufaransa, katika milima ya Massif Central, kuna njia ya baiskeli ya karibu km 1,400, toka mji wa Avallon mpaka baharini Cap d'Agde. Inapita vijijini, mashambani na msituni, kwa wakulima kama sisi. Na mpandaji anajua mapema wapi atapata maji, wapi mlima utamtoa ulimi, wapi atalala.

Msidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Kenya, mwaka 2021, yalianza mashindano ya changarawe Maasai Mara. Mkenya Sule Kangangi, aliyetaka vijana wa Afrika Mashariki wapate nafasi katika mchezo huo, alikufa kwa ajali Agosti 2022 akiwa kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, ukafanyika Kigali. Kigali, jamani, hapo jirani!

Lakini siandiki haya ili tuwaige kuvaa kaptula za kubana. Nataka mwangalie jambo moja tu: nani alizipa njia za Ufaransa heshima?

Katika mji wa Saint-Étienne aliishi bwana mmoja, Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio. Mwaka 1887 alianzisha gazeti dogo la baiskeli, ambalo baadaye likajulikana kama Le Cycliste. Alikuwa anapanda milima, anarudi, anaandika: nimepita hapa, nimekula hiki, mlima ule uko hivi. Na alikuwa mbishi! Alipigania gia zinazobadilishwa safarini wakati wengine wakimcheka kwamba gia ni za wazee na wanyonge. Mbio za Tour de France zenyewe ziliziruhusu mwaka 1937, wakati yeye alikwishafariki tangu 1930. Leo ni baiskeli gani ya maana isiyo na gia? Mbishi alishinda. Na silaha yake ilikuwa nini? Kagazeti kadogo. Kama haka unakokashika sasa hivi.

Sisi tunacho kagazeti. Tunazo njia. Tunao wapandaji ambao Mfaransa akiwaona atavua kofia. Mtu na Phoenix yake isiyo na gia hata moja, lumbesa ya viazi kwenye keria, breki ya mbele imekufa, ya nyuma ni soli ya ndala anayoikanyagia tairi! Kupanda anasukuma, kushuka anaomba Mungu. Huyo hana hadithi? Mpaka apande basi ndipo awe mtu?

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimo. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanguka na mzigo. Mteremko ulikuwa ule ule niliouzoea, lakini mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara kwenye kona, na mimi nilikuja na mwendo. Viazi vilimwagika mpaka bondeni. Nilivunjika mkono. Kabla yangu alikuwa ameanguka mtu pale pale, baada yangu akaanguka mwingine. Kila mbeba mzigo aliijua ile kona, ila hakuna karatasi hata moja duniani iliyokuwa imeandikwa kwamba kona ile inaua. Aliyekaa ofisini alikuwa na neno lake lile lile, ambalo ni lako pia, ewe mwandishi: "barabara mbovu." Neno hilo halimtoi mtu ofisini. Lakini mwandikie kwamba baada ya mti mkubwa, upande wa kushoto, kalavati limeziba na maji yanavuka juu, uone kama atapata pa kujificha.

Najua wapo watakaonirukia. "Wewe unasifia vumbi! Sisi tunataka lami!" Nani kakataa lami? Lami ya Mpemba mpaka Isongole, kilomita hamsini hivi, imefika na tumeifurahia, nami nimeiteleza kwa raha zangu. Inayokuja Ibaba ije hata kesho. Lakini mpaka ifike, watu wataendelea kupita kwenye changarawe na viazi vyao, kahawa yao na wagonjwa wao. Kueleza njia kwa usahihi si kuisifu. Daktari akieleza kidonda, amekisifu?

Wengine watasema, baiskeli ni ya washamba, siku hizi ni bodaboda. Haya. Na petroli ikipanda? Na boda ikigoma kupanda kwenye tope? Nani atakuwa amebaki njiani, kama si yule mshamba?

Tena kuna hatari nyingine. Tangu 2003 upo msafara wa baiskeli, Tour d'Afrique, toka Cairo mpaka Cape Town, ambao umekuwa ukipita nchini kwetu, ukishuka kwa upande wa Mbeya kwenda Malawi. Ipo siku mgeni mmoja atakata kona, apande Ileje, aandike kitabu. Ataandika milima ya kijani, watoto wanaopunga mikono, ng'ambo ya mto Songwe kuna Malawi, mandhari safi. Hatakuwa mwongo. Ila ile kona hataijua. Na sisi tutakaa kijiweni tunalalamika kwamba ametuandika vibaya, wakati kalamu zilikuwa mifukoni mwetu!

Basi, washkaji, tuache kuzuga. Kila mmoja alete njia moja, kurasa mbili tu. Inaanzia wapi, inaishia wapi. Maji ya kunywa yako wapi. Fundi wa kuziba pancha anakaa wapi na anadai nini. Wapi unapanda, wapi unasukuma, wapi unashuka na kuomba. Nani alianguka wapi, bila kumtaja jina. Hadithi zitajileta zenyewe.

Mimi nachukua ya Ibaba mpaka Isongole. Wewe wa Kafule, wewe wa Ngulilo, wewe wa Luswisi, ya kwako iko wapi? Na mhariri akisema hana nafasi, mwambieni apunguze hadithi moja ya basi.