Tovuti iwe nyepesi, pesa ibaki shambani



Kwenye mikutano mikuu ya koperative za kahawa, toka Kalehe mpaka Idjwi, kumeingia hoja mpya. Zamani tulibishana juu ya meza za kukaushia, mashine ya kumenya, miche, na barabara ya kufika kwenye kituo cha kuoshea. Sasa kuna mtu anasimama na kusema: «Tovuti yetu haionekane tena kwa Google, inafaa tulipe mtu aitengeneze upya.» Na bei anayotaja si ndogo. Mimi ni agronomu, si fundi wa kompyuta. Lakini pesa hiyo inatoka kwenye mfuko uleule unaonunua miche, kwa hiyo neno hili linanihusu. Maoni yangu ni haya: shida iko ya kweli, lakini dawa tunayouziwa ni ghali bure.

Tuanze na shida yenyewe. Tarehe 21 mwezi wa nne 2015, Google ilibadilisha namna ya kupanga majibu kwa mtu anayetafuta kwa simu. Ukurasa unaosomeka vizuri kwenye simu ulipanda, na ule wa herufi ndogo, unaokulazimisha kuuvuta kwa vidole, ukabaki nyuma. Mwezi wa saba 2018 wakaangalia na mwendo: kurasa nzito sana, zinazokawia kufunguka, zikashushwa. Halafu wakageuza hata namna yao ya kusoma. Leo wanaisoma tovuti vile inavyoonekana kwenye simu, na habari inayoonekana kwenye kompyuta tu, kwao ni kama haiko. Tangu tarehe 5 mwezi wa saba 2024, tovuti isiyofunguka kabisa kwenye simu haiingii tena kwenye orodha yao. Kwa hiyo tovuti iliyotengenezwa wakati wa mradi fulani, mradi ukaisha, fundi akaenda na neno la siri, inaweza kupotea bila mtu kuigusa.

Wengine watasema: kizuri chajiuza. Wanunuzi wa kahawa wanakuja kwa kuionja, kwa shindano la Saveur du Kivu, ao kwa neno la mnunuzi mwingine. Hawaji kwa Google. Ni kweli. Lakini akisha kuonja, mnunuzi anafanya nini? Anatoa simu na kuandika jina la koperative. Asipoona kitu, ataandikia mtu wa katikati ambaye jina lake linaonekana. Tusisahau tulikotoka. Kwa miaka mingi kahawa yetu ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, ikaenda kuuzwa Rwanda bila jina lake, na ndugu zetu wengi wakafia majini. Tuliunda koperative ili kahawa itoke hapa na jina letu. Jina lisilopatikana tunalipoteza mara ya pili.

Sasa tupige hesabu. Koperative inayouza kwa masharti ya Fairtrade inapata primu ya senti 20 za dola kwa ratili moja ya kahawa, ni kusema karibu senti 44 kwa kilo. Kontena moja ya magunia 320 ya kilo 60 inaleta karibu dola 8,400. Robo yake inapaswa kwenda kwenye ubora na mavuno. Fundi akiomba dola 2,000 kwa tovuti, amekula karibu robo nyingine. Kabla ya kuinua mkono, mwanamemba aulize: tovuti hiyo itafanya kazi gani ambayo ukurasa mmoja mwepesi hauwezi kuifanya?

Ukurasa mmoja unatosha. Uandike jina la koperative, teritware, urefu wa mashamba juu ya bahari, aina ya kahawa, vituo vya kuoshea, miezi ya mavuno, tani mnazoweza kutoa, vyeti mlivyo navyo, na namba ya simu ambayo mtu anaijibu. Maneno yawe maandishi ya kweli, si karatasi iliyopigwa picha, juu Google inasoma maandishi kuliko picha. Picha ya simu inaweza kuwa na mega 3 ao 4. Ipunguzwe ishuke chini ya kilobaiti 200. Video inayojianzisha yenyewe itolewe.

Kipimo chake si ofisi ya Bukavu yenye Wi-Fi. Chukueni simu ya bei ndogo, mwende Minova ao Idjwi mahali mtandao ni dhaifu, mfungue. Mwanamemba akisoma bila kuvuta kwa vidole na bila kumaliza mega zake, mko kwenye njia nzuri. Google nayo ina kipimo cha bure, PageSpeed Insights. Fundi awaonyeshe matokeo mbele ya komite kabla hajalipwa.

Jambo lingine ni umiliki. Jina la tovuti liandikishwe kwa koperative, si kwa fundi. Neno la siri liwe kwa watu wawili wa komite, na malipo ya kila mwaka yaingie kwenye bajeti. Bila hayo, mwaka kesho tutarudi kwenye mkutano na hoja ileile.

Na tuandike pia kwa Kiswahili, si Kifaransa na Kiingereza tu. Bei iliyolipwa kwa kilo ya kahawa nyekundu na matumizi ya primu viwekwe pale. Mnunuzi atapenda kuviona, lakini mwenye haki ya kwanza ni mama aliyeleta kikapu chake kituoni.

Hata hivyo, kupanda kwenye Google hakuondoe ladha ya kiazi kwenye kikombe. Hiyo tunaipunguza kwa kupogoa, kupambana na kile kidudu antestia, kuelesha kahawa kwenye maji na kuchagua mbegu kwa mkono. Mnunuzi akitupata kwa simu na akakuta kiazi kwenye kikombe, hatarudi.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao, mtu akileta faktire ya tovuti, ulizeni mambo matatu: itafunguka kwa simu ya mwanamemba? Itakuwa mali ya nani? Na baada ya kuilipa, itabaki pesa gani ya kupogoa na kuchagua? Asipojibu yote matatu, msipige kura ya ndiyo.